Mandhari na Ukuta wa Gereza

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika hata na jirani wa mlango kwa mlango. Watu wote walimwita Mandhari, na jina hilo alilipata kwa sababu ya ugonjwa wake mmoja: ukimpa bango la duka lako achore, lazima akuwekee mlima nyuma. Mwenye bucha alitaka ng'ombe, akapata ng'ombe aliyesimama mbele ya bonde lenye ukungu. Fundi viatu alitaka kiatu tu, akachorewa kiatu kikubwa kando ya mto, kama mtu amevua mguu mmoja akaenda kuoga. Hata muuza majeneza, aliyemsihi kabisa asiongeze kitu, alikuta nyuma ya majeneza yake kuna anga la jioni limeiva vizuri. Alinuna siku nzima. Kesho yake akamwambia basi, liache, wafiwa wanalitazama.

Kuchora hakukusomea. Alianza kwa kumshikia ngazi mchora mabango mmoja mlevi, na mlevi yule alipoanza kutetemeka mikono, Mandhari akashika brashi. Aliishi na mkewe, mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili: kimoja cha kulala, kingine nusu cherehani, nusu makopo ya rangi. Nguo za wateja wa mke zilinuka tapentaini, na mabango ya mume yalirudi na nyuzi zimeganda kwenye rangi. Waligombana kwa hilo kila wiki na hakuna aliyehama.

Gereza la mji ule lilikuwa katikati ya mji. Zamani lilijengwa pembeni, halafu nyumba zikalifuata, kisha maduka, kisha barabara kubwa ikapitishwa ubavuni mwake. Ukuta wake wa mbele ulikuwa mrefu, wa kijivu, wenye ukoko mweusi wa mvua, na juu karibu na paa ulikuwa na safu ya vidirisha vyenye nondo, kila kimoja kipana kama sinia. Hivyo ndivyo vilivyokuwa macho ya vyumba vya mahabusu. Barabara ilipowekwa lami mpya na taa, wakubwa wa mji waliona aibu. Mgeni anaingia mjini, kitu cha kwanza kumpokea ni ukuta ule. Ndipo mtu mmoja aliyewahi kununua kiatu kwa yule fundi akasema kuna mchoraji anayejua milima.

Walipomwita, Mandhari alivaa shati la harusi yake. Mkuu wa gereza, mtu mpole wa sauti ya chini, alitembea naye kando ya ukuta mikono ikiwa nyuma.

"Tunataka mtu akipita hapa aburudike," mkuu alisema. "Asijue hata kwamba kuna gereza. Unaweza?"

Mandhari alimeza mate. Maisha yake yote alikuwa akiibia milima nafasi nyuma ya ng'ombe na viatu. Sasa alipewa ukuta mzima, toka kona hadi kona.

"Naweza, mkuu."

Akaanza kupima. Alipanda ngazi, akachora mistari ya chaki, akashuka, akavuka barabara kuangalia kwa mbali, akarudi. Kila alipoangalia, jambo moja lilimkera. Vile vidirisha viliukata mlima shingoni. Alijaribu kuushusha mlima, ukawa kichuguu. Alijaribu kuupandisha, kilele kikaingia kwenye paa. Akamwendea mkuu.

"Mkuu, haya matundu ya juu yataniharibia picha."

"Unataka tuyafanyeje?"

"Yazibwe tu. Ukuta uwe kitu kimoja."

Alilisema hivyo, kwa wepesi, kama mtu anayeomba kiti kisogezwe. Mkuu alikuna kidevu akamuuliza msaidizi wake kama hewa itatosha. Msaidizi akasema upande wa uani kuna milango ya nondo, hewa inapita. Mkuu akasema haya, zibeni.

Fundi uashi alikuja na saruji yake. Mandhari mwenyewe ndiye aliyemwonyesha kwa chaki aanzie wapi aishie wapi, na aliposhika mwiko kusaidia, alijiona mtu wa kazi kweli. Walipofika kwenye kidirisha kimoja cha katikati, vidole vilitokeza kati ya nondo. Fundi akasimamisha mwiko.

"Humu kuna mtu," akasema.

"Mwambie arudi nyuma kidogo," Mandhari akajibu, "saruji isimwingie machoni."

Vidole vikarudi ndani. Kazi ikaendelea. Siku ile Mandhari alilala akijisifu moyoni kwamba yeye ni mtu mwenye huruma, maana fundi mwingine asingejali macho ya mahabusu.

Picha ilipokamilika, mji uliingia wazimu. Kulikuwa na mlima wa buluu iliyokolea chini na kupauka juu, mto ukishuka kwa mikato, mashamba yamepangwa kama vitambaa vya mkewe, na njia nyembamba ya udongo ikipotea nyuma ya kilima. Maharusi walikuja kupigwa picha mbele yake. Gazeti lilimtoa Mandhari ameshika brashi, kidevu juu. Kichwa kikamvimba. Alianza kuwasahihisha watu waliomwita fundi. Akataka aitwe msanii. Mkewe alimwambia, "Msanii, taka hizo zipeleke nje," akapeleka, lakini kwa madaha.

Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na ukuta ule, kulikuwa na kibanda cha kinyozi aliyekuwa rafiki yake wa miaka. Walitaniana kama watani wa ukoo mmoja. Kinyozi alikuwa na tabia moja: kila asubuhi kabla ya kupokea mteja, alitoka nje na kioo cha mkononi akakigeuzageuza juani. Mandhari alimcheka mara nyingi. "Unajitazama nini, wewe? Sura ni ileile ya jana." Kinyozi alicheka naye, akaingia ndani.

Baada ya picha, kinyozi alibadilika. Alimnyoa bila maneno. Mandhari alipoleta mzaha, ulianguka chini pale pale. Siku moja alimkata sikio na hakusema pole. Mandhari akaamua moyoni kwamba ni kijicho. Hakuna kibaya kama rafiki kuona rafiki yake anapanda, alimwambia mkewe, na mkewe akaendelea kupiga cherehani.

Ukaja msimu wa joto. Mabati yalilia mchana kutwa, na lami ilinata kwenye viatu. Adhuhuri moja Mandhari aliketi kwenye kiti cha kinyozi akiwa na habari mpya: hoteli moja kubwa imemtaka achore maporomoko ya maji ukumbini. Aliisimulia kwa kuitia chumvi. Mashine ya kunyolea ikazimwa ikiwa nusu ya kichwa.

"Unajua pale kwenye mlima wako," kinyozi alisema, "chini kidogo ya kilele, pana nini?"

"Pana theluji."

"Pana mdogo wangu."

Mandhari alimtazama kwenye kioo cha ukutani. "Mdogo wako si yuko migodini?"

"Ungetaka niseme nini? Niwaambie wateja mdogo wangu yuko hapo ng'ambo, anangoja kesi isiyosomwa? Kila asubuhi nilikuwa nampigia mwanga wa kioo. Yeye anatoa mkono. Ndiyo salamu yetu, hatukuwa na nyingine. Siku mliyoziba, nilisimama hapa mlangoni nakuangalia. Ulikuwa unamwonyesha fundi kwa chaki."

Mandhari alitaka kusema sikujua, neno likaona aibu kutoka.

"Na juzi," kinyozi aliendelea, sauti ileile, "wametoa maiti mle. Mzee aliyekaa chumba kimoja na mdogo wangu. Joto. Usiku mzima waligonga mlango, wakafunguliwa asubuhi. Mdogo wangu yuko zahanati ya ndani, kifua kimembana. Askari mmoja ninayemnyoa ndiye aliyenambia."

Kisha akawasha mashine, akamalizia nusu iliyobaki, taratibu, bila kukosea hata nywele moja. Mandhari angependa zaidi afukuzwe akiwa amenyolewa nusu kichwa.

Alivuka barabara akasimama chini ya mlima wake. Aliuona mzuri. Hilo ndilo lililomtisha: hata sasa, akijua, jicho lake bado lilisifu namna buluu ilivyopauka. Halafu akakumbuka vidole. Alijaribu kukumbuka kama vilikuwa vya kijana au vya mzee, na hakuweza, kwa sababu siku ile hakuvitazama, alitazama saruji.

Nyumbani hakula. Alimweleza mkewe yote akiwa ameinamia makopo. Mkewe aliacha cherehani.

"Uliwaona watu wa barabarani wakisimama pale zamani?" akauliza. "Wanawake wenye vifurushi, wanaoangalia juu?"

"Niliwaona."

"Ulidhani wanaangalia nini?"

Alikuwa amewaona kama mtu anavyoona nguzo za umeme. Mkewe alirudi kwenye cherehani, na usiku usingizi haukumjia Mandhari. Alijigeuza na kujigeuza akilisikia lile neno lake la huruma, mwambie arudi nyuma kidogo, na kila alipolisikia lilizidi kuoza.

Alirudi kwa mkuu wa gereza na shati lilelile. Akaomba madirisha yafunguliwe.

"Si wewe uliyetaka yazibwe?" mkuu aliuliza, si kwa ukali.

"Ni mimi, mkuu. Nilikosea."

"Picha si yako tena, bwana. Ni ya mji. Nikitoboa mlima, nitawaambia nini wakubwa?"

"Waambie kuna watu ndani."

"Wanajua kuna watu ndani," mkuu akasema, akamsindikiza hadi mlangoni kwa adabu zote.

Mandhari hakuwa mtu wa kupambana na serikali. Alikuwa mwoga wa kawaida, wa kubadilisha njia akiona polisi. Siku ile akili yake ilizunguka mpaka ikachoka, kisha ikatulia kwenye kitu kimoja tu alichokijua. Jumapili asubuhi alibeba ngazi na kopo la rangi nyeusi akaiegemeza kwenye ukuta. Askari wa zamu alimtambua, akamwinulia mkono.

"Msanii, unarekebisha?"

"Narekebisha, afande."

Mahali pa vidirisha hakuhitaji kupapima. Chini ya rangi, plasta mpya ilikuwa imeacha kovu, na mkono ukipita unahisi. Akaanza kuvirudisha. Kimoja shingoni mwa mlima, cheusi, na nondo zake. Kimoja katikati ya mto. Kingine kwenye shamba la mahindi, kingine angani kabisa ambako ndege walikuwa wakiruka. Kila kidirisha alikichora kilivyokuwa, upana wake, kutu yake, hata kile kilichokuwa na nondo iliyopinda.

Kinyozi alitoka, akasimama mlangoni mwake, mikono kifuani. Ndani, mteja wake alimngoja na povu kidevuni.

Watu walisimama. Kwanza walidhani ni mchezo. Halafu mama mmoja aliyebeba ndizi alishusha beseni lake akaonyesha kwa kidole. "Lile la kwenye mto," akasema, "lile ndilo la mume wangu." Mwanamume mmoja akasema la mwanawe ni hili la shambani. Akatokea mtu, akatokea mwingine. Wengi walikuwa wakijuana kwa sura tu, kwa miaka ya kupishana barabarani, na kila mmoja alikuwa amewadanganya majirani zake kuhusu safari, kuhusu migodi, kuhusu kazi za mbali. Sasa walisimama mchana kweupe, kila mtu chini ya dirisha lake la rangi, na waliokuwa wakipita kwenda kwao waliuliza, na wakajibiwa.

Askari walimshusha jua likiwa utosini. Alipelekwa ofisini, akafokewa na msaidizi, akaambiwa amechafua mali ya umma. Mkuu alikuwa kwenye simu, akiitikia ndiyo, ndiyo, naam. Alipoiweka akamwuliza kama yuko tayari kuurudisha mlima ulivyokuwa, yaishe.

"Hapana, mkuu," Mandhari alisema, na sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba alilazimika kurudia.

Kesho yake wafungwa wenyewe walitolewa na ndoo za chokaa, wakapaka ukuta wote, toka kona hadi kona. Mandhari aliangalia kutoka kwenye kibanda cha kinyozi, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kusimama, na kinyozi hakumfukuza. Mlima ulipoanza kuzama kwenye weupe, machozi yakamtoka. Akaona haya mpaka masikioni. Mzee wa watu alikufa, hakumlilia. Sasa analilia buluu. Alijifuta haraka, akiomba kinyozi asiwe ameona. Kinyozi alikuwa ameona.

Mambo hayakuishia kwenye chokaa, maana wale watu waliokutana barabarani hawakurudi kuwa wageni kwa wenzao. Waliandamana na mama muuza ndizi hadi kwa wakubwa, wakaenda tena, wakaandikwa na gazeti lilelile. Mwishowe waliletwa wakaguzi, na daktari akaingia vyumbani akatoka shati limelowa. Ikaamriwa matundu yafunguliwe. Yalifunguliwa juu zaidi, chini kabisa ya paa, yakawekewa wavu mnene. Hewa inapita. Mkono haupiti, wala jicho. Mkuu alihamishwa mji mwingine, na hoteli ikampa mtu mwingine yale maporomoko.

Mandhari alirudi kwenye mabango. Alichora ng'ombe mtupu na kiatu kitupu, na wateja wakaanza kulalamika kwamba amezeeka. "Mlima wetu uko wapi?" waliuliza. Alisema amesahau kuuchora.

Mdogo wake kinyozi aliachiwa mvua zilipoanza. Kesi ilisomwa, ikaonekana haina kichwa wala miguu, akaambiwa nenda nyumbani. Alikuwa kijana mwembamba wa maneno machache, anayekohoa akicheka. Mandhari alikaa muda mrefu bila kukanyaga kibandani, mpaka nywele zikamfunika masikio na mkewe akamwambia hashoni nguo akiwa na kichaka ndani ya nyumba. Akaenda. Kijana alikuwa ameketi kwenye benchi, anachokonoa redio mbovu.

"Ndiye huyu," kinyozi alimwambia mdogo wake, bila kugeuka.

Kijana alimtazama Mandhari kwa udadisi. "Ile picha," akasema, "ilikuwaje? Sisi hatukuwahi kuiona."

Mandhari hakuwahi kulifikiria hilo. Watu waliokaa nyuma ya picha ndio pekee katika mji mzima ambao hawakuiona. Ikambidi aisimulie: mlima, mto, mashamba, njia ya udongo. Kila kipande kilimchoma kukitaja. Kijana alisikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za ng'ambo.

"Na yule mzee," Mandhari akauliza alipoishiwa mlima, "aliyefariki. Alikuwa nani?"

"Jina lake la kweli lilikuwa kwenye daftari la askari. Sisi tulimwita Redio." Kijana alitabasamu, akakohoa. "Dirisha lilikuwa juu, na yeye alikuwa mrefu. Tulimpandisha kwenye ndoo, anashika nondo, anatutangazia. Muuza magazeti anagombana na mwenye baiskeli. Mwanamke wa gauni la njano anamngoja mtu, mtu haji. Mbwa wa gereji amelala barabarani tena. Kaka yako anapiga kioo, njoo utoe mkono. Tuliishi kwa yale matangazo. Mlipoziba, aliendelea kwa kumbukumbu. Alisimama kwenye ndoo, uso kwenye saruji, anatangaza. Halafu siku moja akasema leo hakuna habari. Hakupanda tena."

Mandhari aliinamisha kichwa, na kwa kuwa kilikuwa mikononi mwa kinyozi, kinyozi alikiinua taratibu akaendelea kunyoa.

"Vile vidole," Mandhari alisema. "Siku ya saruji."

"Vilikuwa vyake," kijana alijibu. "Alituambia kuna mtu nje kamwambia alinde macho. Alikusifu."

Hakuna tusi alilowahi kutukanwa lililomfika Mandhari mahali sifa ile ilipomfika.

Siku zilizofuata alichukua kipande kikubwa cha mbao laini akakiweka karibu na cherehani. Alimwomba kijana aje, na kijana akaja, akaketi kwenye vitambaa akamweleza barabara ilivyokuwa ikionekana kwa Redio kutoka juu. Mandhari akaichora. Hakukuwa na mlima. Kulikuwa na barabara iliyokatwa na nondo, muuza magazeti, baiskeli, gauni la njano, mbwa, kibanda cha kinyozi kikionekana kwa juu, bati lake na mlango wake. Kijana alisahihisha mara kwa mara: mbwa asogee, mwanamke asimame kivulini. Mkewe Mandhari alishona huku akisikiliza, na mara moja akazima cherehani ili asikie vizuri.

"Huo mlango umekosea," kijana alisema mwishoni. "Ni wa kijani."

"Mlango wa kaka yako ni wa buluu. Niliupaka mimi kwa mkono wangu."

"Redio alisema wa kijani."

Mandhari alitazama mlango wa buluu kwenye mbao, buluu ileile aliyoijua toka kopo lake. Alifungua kopo jingine, akaufunika kwa kijani, tabaka mbili ili usitokeze.

Picha ile ilitundikwa kibandani mwa kinyozi, juu ya kioo, mahali ambapo kila anayenyolewa hana budi kuitazama. Wateja huuliza, na kinyozi huwaeleza toka mwanzo, bila kumficha mdogo wake na bila kumficha rafiki yake. Mandhari akiwepo, naye hutajwa hivyohivyo: huyu hapa, ndiye aliyeziba. Huitikia kwa kichwa. Akitoka nje, husimama kidogo akiwa na kipara chake kipya, na kinyozi humsindikiza hadi kizingitini akilalamika kwamba watu wameanza kumwuliza lini aliupaka mlango wake buluu.

"Waambie ni wa kijani," Mandhari humjibu.